Siku Kumi na Tatu za Hesabu

Musoma, 3 Agosti 1985

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku mzima, ila sabuni ndiyo hakuna. Tunafulia majani ya mpapai na sketi yangu nyeupe imekuwa rangi ya chai. Kikohozi chako kimeacha? Mama naye anaendeleaje na samaki wake?

Sasa kaa chini nikupe habari. Shule imechagua wasichana wawili kwenda mashindano ya hesabu ya mkoa, mimi na Justina tunayekaa naye dawati moja. Ni Jumamosi tarehe 31, hapahapa mjini. Wa kwanza atapelekwa Dar es Salaam mwezi wa kumi kupambana na mikoa mingine. Tatizo mwalimu wetu wa hesabu aliondoka mwezi wa tano. Wanasema yuko Bunda anauza mitumba, mshahara ulimshinda. Kwa hiyo mwalimu ni wewe, kama ulivyokuwaga darasa la nne, ila fimbo uiache hukohuko.

Swali lenyewe hili: tafuta namba kamili chanya zote x na y ambazo 1/x + 1/y = 1/6. Nimebahatisha nikapata 12 na 12, 10 na 15, 9 na 18. Nahisi zipo nyingine, na sijui nitajuaje kwamba zimekwisha. Jibu mpe Ngolo wa lori la pamba, anapita hapa kila wiki.

Mwambie Mama maharage ya shule hayana chumvi na nimemkumbuka.

Mwanao,
Hyasinta

Butiama, 9 Agosti 1985

Binti yangu,

Marahaba. Tuko salama, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Naandika kukiwa bado mchana kwa sababu mafuta ya taa yameadimika, na karatasi hii nimeichana katikati ya daftari la mahudhurio, usimwambie mtu.

Nimefurahi mpaka nimewaambia walimu wenzangu wote, na wengine nimewaambia mara mbili. Sasa sikiliza. Usiniandikie jibu, niandikie ulipokwama. Ulipokwama ni hapa: unabahatisha. Ondoa sehemu, utapata xy - 6x - 6y = 0. Hapo haigawanyiki kokote. Ongeza 36 pande zote mbili, uone kitakachojifungua. Ukimaliza hapo utajua pia zimekwisha au la.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nilijitia ufundi mbele ya mama yako. Nikamwuliza: samaki ukiwapanga mafungu ya wannewanne anabaki mmoja, ya watanowatano wanabaki wawili, ya sabasaba wanabaki wanne. Idadi ndogo kabisa ni wangapi? Mimi mwenyewe nilikuwa nimejaza nusu ukurasa. Alikuwa anapara sato, hakuinua hata uso. Akasema, "Kila mara wanapungua watatu. Azima watatu kwa jirani, mafungu yatimie yote, halafu uwarudishe." Mia na arobaini, toa tatu. Mia thelathini na saba. Darasa la nne aliishia huyu, Hyasinta, kule kisiwani kwao Rukuba. Nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Na ile 36 yako ni hivyohivyo, unaazima halafu unarudisha. Mama yako anasema utumie mwenyewe chumvi ya ziada aliyokufungia, si ya kugawia darasa zima.

Baba yako

Musoma, 14 Agosti 1985

Baba,

Shikamoo, na Mama shikamoo yake ya peke yake. Natumaini barua hii itawakuta wote mna afya.

(x - 6)(y - 6) = 36! Nilipoiona nilipiga kelele bwenini, matroni akanipa zamu ya kudeki. 36 ina vigawo tisa, basi jozi ni tisa ukihesabu 7 na 42 mbali na 42 na 7, na hakuna ya kumi hata utafute mpaka uzeeke. Hicho ndicho nilichokuwa nataka. Justina nilimfundisha, sasa ananifuata kama kivuli.

Baba, nina ombi. Wazazi wanaruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi siku ile. Wewe una darasa, najua, lakini Mama aje. Aje hata juu ya marobota ya pamba, nitamwomba Ngolo amweke mbele. Sijawahi kumwona akikaa mahali bila kufanya kazi. Nataka akae kwenye kiti anitazame. Akija sitaogopa, nakwambia kweli. Asipokuja nitaogopa.

Mwanao,
Hyasinta

Butiama, 19 Agosti 1985 (barua hii sikuituma)

Hyasinta binti yangu,

Sijui salamu niiweke wapi. Mama yako amefariki jana Jumapili saa tisa alasiri. Homa ilimshika Alhamisi. Zahanati haina klorokwini tangu mwezi wa saba, tukamchemshia mwarobaini, homa ikapanda kichwani. Tumemzika leo saa tano, nyuma ya nyumba upande wa migomba.

Alikuita. Ijumaa alisema, "Mwiteni Hyasinta." Jumamosi akasema tena. Jirani yetu Mseti alitoa baiskeli yake akasema anakwenda Musoma na atarudi nawe jioni hiyohiyo. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia homa ni homa tu, mtoto akija atapoteza wiki nzima ya maandalizi. Nilijua atapona, huyu mwanamke hajawahi kulala kitandani siku mbili.

Jana ndugu wamekaa, wamesema usiambiwe mpaka umalize mashindano. Ndivyo tunavyofanyaga kwa watoto walioko shule. Hata mimi baba yangu alizikwa nikiwa chuo cha ualimu, niliambiwa siku ya kufunga, na sikumlaumu mtu. Nimekubali. Kisha nimekaa kukuandikia hii, na sasa nikiisoma naona siwezi kumpa Ngolo. Nitaandika nyingine.

Baba yako

Butiama, 20 Agosti 1985

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Jozi tisa ni sahihi, sina la kuongeza.

Mama yako homa ilimshika na safari hataiweza. Usimsubiri ukumbini. Wewe shika mtihani wako.

Naambatanisha maswali sita. La kwanza: tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 1985 ni ipi? Usizidishe, tazama inavyozunguka. Leo sina maneno mengi, madaftari ya watoto yananisubiri.

Baba yako

Musoma, 24 Agosti 1985

Baba,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Hukusema imeanza lini wala kama anakula. Umeniandikia mistari minane, nimeihesabu.

Maswali nimemaliza yote. Saba kwa vipeo inaishia 7, 9, 3, 1 halafu inarudi, na 1985 ukigawa kwa nne inabaki moja, basi ni 7. Hilo lilikuwa rahisi, ulinihurumia.

Nilikwenda kwa matroni nikamlilia mpaka akanipa vidonge kumi vya klorokwini, vya akiba ya bweni. Nimevifunga kwenye karatasi ya bluu nimempa Ngolo. Mama ameze vinne leo na chakula, matroni anasema asimeze tumbo tupu. Ngolo alivipokea akavitia mfukoni, hakunitania hata kidogo, na yule hanyamazagi. Nikamwuliza kama amemwona Mama. Akasema lori lina haraka.

Baba, kama hali ni mbaya niambie nije. Mashindano yatakuwepo na mwaka ujao. Nijibu kabla ya tarehe 31, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Hyasinta

Musoma, 1 Septemba 1985

Baba na Mama, wazazi wangu,

Shikamooni! Sikupata jibu lakini sikasiriki, leo siwezi kumkasirikia mtu. Nimekuwa wa kwanza! Wa kwanza mkoa mzima, wavulana wote nyuma. Walibandika majina jana jioni, Justina akanibeba mgongoni akanizungusha uwanja mzima.

Mama, hii ni yako. Swali la nne: namba ndogo kabisa ambayo ukigawa kwa tisa inabaki saba, kwa kumi inabaki nane, kwa kumi na moja inabaki tisa. Ukumbi mzima ulikuwa unakuna vichwa. Mimi nikacheka peke yangu. Kila mara wanapungua wawili! Nikaazima wawili kwa jirani, nikapata 990, nikawarudisha, 988. Dakika moja. Msimamizi aliniuliza nani alinifundisha, nikamwambia mama yangu anauza samaki Butiama. Alidhani namtania.

Baba, msomee pole pole, ukifika hapo rudia.

Ijumaa tarehe 6 tuna ruhusa ya siku tatu. Nakuja. Mama asipike kitu, nitapika mimi, akae tu.

Mwanao,
Hyasinta

Butiama, 3 Septemba 1985

Hyasinta,

Nimemwomba Ngolo akuletee hii mkononi na asubiri uisome, usije ukashuka kwenye lori unacheka.

Mama yako hayupo. Humo ndani nimekuwekea barua ya tarehe 19 mwezi uliopita. Nilitaka kuichoma, nikaona nitakuwa nimekudanganya mara mbili. Isome yote. Vidonge vyako vilifika vikamkuta ana siku tano kaburini, na mimi nikashindwa kukujibu kwa sababu uliniuliza waziwazi.

Nilifikiri natunza kitu chako. Siku kumi na tatu tu, nilisema, zitapita. Mwanangu, nisamehe. Njoo Ijumaa, nitakusubiri barabarani.

Baba yako

Butiama, 25 Septemba 1985

Binti yangu,

Salamu nyingi. Je, u mzima? Unakula?

Ijumaa ile nilikaa barabarani tangu saa nane mpaka jua lilipozama, na Jumamosi nikarudi. Huku si kubaya, mvua za kwanza zimegusa. Kwenye maduka ya Bunda sabuni zimejaa, za rangi zote, na chumvi pia. Nimekununulia, nikakumbuka sijui kama utapokea.

Mkuu wa shule ameniandikia kwamba Dar ni tarehe 12. Nimetunga maswali mawili ya kujinoa, yamo ndani. Usinijibu mimi kama hutaki, yajibu maswali. Usiuache ushindi wako upotee kwa ajili yangu.

Baba yako

Musoma, 15 Oktoba 1985

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima.

Dar sikwenda. Amekwenda Justina. Mkuu wa shule alinisihi, hata akalia, nikamwambia kila nikishika kalamu nahesabu kitu kimoja: Ijumaa mpaka Jumapili ni siku tatu, na baiskeli ni saa nne. Hiyo ndiyo hesabu ninayoiweza sasa.

Siku ile nilikuja. Nilishukia njia panda ya Bunda nikakata kwa miguu, wewe ukiwa unanisubiri barabara ya Musoma. Nilikaa migombani na Mama mpaka jioni. Mke wa Mseti aliniletea maji, akaondoka akaniacha. Nikarudi nilikopitia.

Baba, ungenificha msiba ningekusamehe, huo ndio utaratibu, wote tunaujua. Lakini alikuwa hai anataja jina langu, na wewe ukasikia. Mimi nilisema asipokuja nitaogopa. Na yeye je? Alikuwa anaogopa?

Usinitumie maswali tena, yale mawili nimeyarudisha humu bila kuyafungua. Niandikie aliyoyasema. Yote, tangu Alhamisi, hata ya homa yasiyo na maana, na wewe ulimjibu nini, na mwisho alisema nini. Hiyo barua nitaijibu.

Hyasinta, binti wa Marcelina

Butiama, 19 Oktoba 1985

Mwanangu Hyasinta,

Nakusalimu. Nimepokea yako na nimeisoma kama ulivyoagiza, mara nyingi.

Nakuandikia yote. Alhamisi alisema miguu inamwuma, na kwamba samaki aliowaacha kwenye chumvi wageuzwe. Nikamwambia nitawageuza. Ijumaa alisema wewe uitwe, nikamwambia kesho. Jumamosi alisema tena, nikamwambia keshokutwa, lori litapita. Akasema sawa. Jumamosi jioni alikunywa uji vijiko vitatu, akaniuliza kama ukumbi wenu una viti vya kutosha, nikamwambia vipo.

Jumapili sijui alisema nini mwisho. Hilo sikuliandika katika barua ya kwanza. Nilikuwa chumba cha mbele, mlango wazi, nakutungia swali. Nilikuwa na karatasi moja tu safi na sikutaka kuikosea. Aliniita kwa jina langu. Sikuinuka. Nilimwambia, "Subiri nimalize mstari huu." Nikamaliza, nikausoma tena kuhakikisha, nikaingia ndani, alikuwa kimya.

Baba yako