Mama Alivyogoma Kushuka Kwenye Kirikuu

Jumamosi. Jua kali tangu asubuhi.

Leo nimegundua simjui mama yangu.

Ninayemjua mimi, akirudishiwa chenji pungufu dukani hunyamaza. Huo ukimya nimeurithi. Shuleni Kiingereza nakijua, Kiswahili nakijua, lakini mwalimu akiuliza swali naitazama meza. Kwa hiyo tulipotoka Handeni kwenda Korogwe kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nilijua tutalipa bei yoyote tutakayotajiwa. Baba alibaki, mgongo unamsumbua. Na bila gari letu, machungwa yataendelea kuozea shambani kila lori la kukodi linapochelewa.

Muuzaji, baba mmoja mnene mwenye miwani, akataja bei. Imezidi hela tuliyobeba. Mama akashusha macho. Nikasema moyoni, basi, tunarudi mikono mitupu.

Kisha mama akamuuliza kabila lake.

Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazigua. Babu yake alikuja kukata mkonge, Tabora hakurudi tena.

Mama akavua viatu, akapanda kwenye kirikuu, akafunga mlango, akajilaza kwenye viti kama maiti.

Msibani nimeshaona watani wakilala kaburini mpaka wapewe chochote. Lakini kwenye yadi ya magari?

"Babu zenu walipita kwetu na mizigo kichwani wakala mihogo yetu bure," akasema, macho kayafumba. "Leo naidai. Punguza, au unizike humu humu."

Vijana wanaoosha magari wakasogea kutazama. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Muuzaji hakukasirika. Alilizunguka gari taratibu, akasema Wazigua ni wavivu hata wa kufa, wanachagua penye kiti laini. Akapunguza. Mama amelala tu. Akapunguza tena, halafu akagoma, haishuki hata senti. Bado ilituzidi.

Ndipo akanigeukia mimi. "Basi niachie huyu binti awe mtumwa wangu, aoshe magari. Tutakuwa tumemalizana."

Wote wakanitazama. Hapo huwa natamani ardhi inimeze.

"Nabaki," nikaisikia sauti yangu. "Ila mimi si wa bure. Bei yangu ni hiyo kirikuu, na haishuki hata senti."

Mimi. Nilisema hivyo mimi.

Muuzaji alicheka mpaka akavua miwani. Mama akafumbua jicho moja.

"Leta ulichonacho, mtani," muuzaji akamwambia mama, akimpa funguo. "Ukazikwe kwenu."

Njia nzima dereva tuliyemkodi anapiga soga peke yake, mama anatazama barabara. Nyumbani baba akauliza imekuwaje. Mama akashusha macho yake yale yale.

"Walitupunguzia kidogo."

Kirikuu iko uani, kuku wameshaipanda. Nami najiuliza: Jumatatu mwalimu akiuliza swali, nitaitazama tena meza?