Constance Amenenepa, Mlima Umemshinda

Mama Mshauri mpendwa, naomba msaada wako maana nimefanya mema na yametoka mabaya. Mimi ni mama wa Lushebere, tunalima maharagwe na mihogo, na binti yangu Constance ana miaka kumi na sita, zamani alikuwa hakai, asubuhi shule ya masista, mchana jembe, jioni mpira wa mikono hukohuko kwa masista, kisha anapanda mlima na maji kichwani huku anaimba, mpaka majirani wakaniuliza kama nilizaa msichana au mbuzi, basi watu wa njia ya Sake walipotuma salamu kwamba wana kijana, Faustin, anatafuta mke, nikakumbuka vile mama yangu alivyonitengeneza mimi niolewe kwa wenye ng'ombe, nikamtoa shule, nikamweka ndani, maziwa asubuhi na jioni, jembe asiguse, jua asilione, ili mashavu yajae watu wajue ametoka nyumba ya kushiba. Na mashavu yamejaa, siwezi kusema uongo.

Lakini mama yake Faustin alipokuja, mashavu hakuyatazama, akaomba tu tumwonyeshe shamba letu la juu, naye akapanda na fimbo yake akatutangulia kufika, na Constance katikati ya mlima akaketi juu ya jiwe anahema, nikaona haya nikakosa pa kutazama, na yule mama akauliza polepole, "Huyu mutoto iko na ugonjwa gani? Kwetu milima iko mingi kupita hii." Tangu siku hiyo hawajatuma salamu tena.

Constance naye haimbi tena. Anakaa karibu na ukuta, na mpira wa wenzake ukisikika kwa masista anasema, "Hélène anatupa mubaya. Mupira imeanguka tena." Nimwongeze maziwa, au nimpeleke dispensaire muuguzi amtazame?

Mama Constance

Mama Mshauri anajibu: Mama Constance, pole. Najua ulifanya kwa upendo, na ndiyo maana nakugombeza bila kupandisha sauti. Dispensaire usiende. Muuguzi atampima na atakuta maziwa.

Mama yako alikunenepesha ili uingie nyumba ya wenye ng'ombe, ambako mke hashiki jembe. Wewe umemnenepesha Constance ili aende kulima milima ya watu wengine. Ulifikiri jembe linashikwa kwa mashavu? Wazee walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na binti yako hakuwa hata akitembea bure. Alikuwa na wenzake, uwanja, na njia ya kwenda. Umeviondoa vyote, sasa unauliza kwa nini hachangamki. Na wale majirani wa mbuzi, waache wacheke, wao hawatapanda mlima kwa niaba yake.

Mrudishe shule kesho. Sista mkuu akikasirika, omba msamaha wewe, si mtoto. Jembe lirudi kidogo kidogo, mwili uliolazwa hauamki siku moja. Maziwa yaendelee, lakini baada ya mpira. Faustin akiwa kijana mwema atangoja amalize masomo. Asipongoja, abaki na milima yake.

Barua yako imejaa maneno yako, ya majirani na ya mama wa Faustin. Ya Constance ni hayo machache tu, kwamba Hélène anatupa vibaya. Huyo si mgonjwa, mama. Amefungiwa nyumbani mwako na bado anacheza kwa masikio. Mfungulie mlango kabla hajaacha kusikiliza.