Mtoto wa Madaha

Jumatatu, 3 Juni

Madaha, twiga wetu wa utafiti, kazaa! Nimemwona mtoto asubuhi, kalala kwenye nyasi ndefu karibu na korongo, shingo wima, masikio tu ndiyo yanacheza. Mama mwenyewe hayupo – kaenda kula. Ndivyo twiga walivyo: humficha mtoto, huenda zao mbali, hurudi kunyonyesha. Nimemweleza Kasuku, dereva wetu, mdomo hauna breki. Akasema huo si uzazi, ni kutelekeza. Nikamwambia aendeshe gari.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima garini. Joto, vumbi, na Kasuku. Dume moja la twiga liliokota mfupa mkavu, likautafuna taratibu kama muwa. Kasuku anaapa hilo ni fisi limevaa ngozi. Nimeeleza mpaka koo limekauka – wanatafuta madini ya mfupani! Haamini. Jioni Madaha akaja, akamlamba mwanawe, akamnyonyesha, akaondoka. Nikamuuliza Kasuku kama ameona. Akajifanya anafuta kioo. Raha iliyoje.

Jumatano, 5 Juni

Madaha hakuja.

Dada kapiga simu, nyumbani narudi lini? Hao twiga hawana mama zao? Nimekata kabla sijasema neno baya.

Alhamisi, 6 Juni

Bado. Mtoto yuko palepale. Nyayo za fisi ng'ambo ya korongo. Na Kasuku kamwita daktari wa wanyama kwa redio bila kuniuliza! Daktari kaja na pikapu, blanketi na maziwa, anataka kumbeba leo leo. Tumebishana vikali. Nikasema ukishampakia huyu basi tena, pori halijui, atazeekea bandani akipigwa picha.

"Na akifa kwa njaa, dada yangu, utampiga picha wewe?" Daktari huyo, kwa upole unaoudhi.

Kanipa mpaka kesho mchana. Naogopa. Sitaki Kasuku ajue.

Ijumaa, 7 Juni

Kaja! Jike limetokea nyuma ya migunga, moja kwa moja hadi kwa mtoto. Nililiona ubavu wa kulia tu. Picha zetu za kuwatambua zote ni za kushoto, na mabaka ya kulia hayafanani na ya kushoto kabisa – lakini mwendo ule wa maringo! Nani mwingine angekuja hapa? Nikamwambia Daktari mama karudi, aondoe pikapu lake, linamtisha. Nilitamba kidogo, sikatai. Akaniomba radhi mbele ya Kasuku, akaenda zake kutibu ng'ombe bondeni, ambako redio haishiki.

Sasa hivi naandika garini. Jike limezunguka mti kufuata majani. Limetuonyesha ubavu wa kushoto.

Si Madaha.

Kasuku hajui kusoma mabaka. Anacheka peke yake, anasema nimsamehe kwa kutoniamini. Naendelea kuandika. Mtoto kasimama, anayumba, kaingiza kichwa chini ya tumbo la jike, anatafuta ziwa. Majike wengi humpiga teke mtoto asiye wao. Jike limeacha kutafuna. Linainua mguu wa nyuma –