Dumu la Mafuta ya Shule

Bwenini,
Alhamisi, baada ya uji wa saa nne.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, niambie mgongo unaendeleaje, na kama Leonardi anakuchotea maji au bado anaacha ndoo njiani na kukimbilia mpira. Mimi mwili wangu ni mzima. Ugali naumaliza, maharage nayamaliza, hata yale yenye wadudu, kwa hiyo mtu akikuambia Yunisi amekonda usimsikilize.

Barua hii atakuletea Mzee Elikana wa boti. Nimemwomba akupe mkononi, asiiache dukani. Ningekupigia, lakini simu ya hapa ni ya Matroni Bibiana tu, naye huweka sauti ya nje ili asikie tunavyowadanganya wazazi, ndivyo anavyosema mwenyewe. Haya ninayoandika hayafai kusikiwa na Matroni. Yasome mwenyewe taratibu, usimpe Leonardi akusomee.

Neno kubwa nilitangulize: unatakiwa shuleni Jumatatu saa tatu, uje na dumu jingine la mawese, lita tano. Usipokuja sitaruhusiwa tena kuingia darasa la amali. Nitakueleza ilivyokuwa.

Wiki ya kwanza hatukushika kalamu. Tulifyeka majani kuanzia getini hadi nyuma ya vyoo, nikawa najiuliza kama nilifaulu darasa la saba ili nije kulima, kazi ambayo hata kwetu Ilagala ipo. Wiki ya pili ndipo alipoingia Mwalimu Filemoni. Ni kijana, anacheka, fimbo haijui. Alituambia kwamba sisi wa mkondo wa amali tutasoma kwa mikono, na tutaanza na sabuni, kwa sababu Kigoma mafuta yapo na nguo chafu zipo. Tulimpenda siku ileile.

Alitugawa makundi ya watu sita. Kila kundi, wawili wanaotoka kwenye nyumba za mawese wakaambiwa watumiwe dumu moja moja kutoka kwao. Katika kundi letu tulikuwa mimi na Winfrida. Huyu ndiye anayelala kitanda cha juu yangu, anatoka Simbo kwa bibi yake, na usiku akiota huongea Kiha mpaka bweni zima linacheka. Siku ile dumu lako lilipofika Mwalimu alilifungua mbele ya darasa. Yalikuwa yameganda vizuri juu, mekundu, yanang'aa. Akasema haya ndiyo mafuta. La Winfrida lilikuwa jepesi, lina takataka za chikichi, akamtania kwamba bibi yake amekamua na majani. Winfrida alicheka. Mimi nilijisikia mtu.

Jumanne tukapika. Tulimimina madumu yote mawili kwenye sufuria kubwa ya jikoni, kwa sababu kwanza mafuta yanatakiwa yapate moto mpaka yawe mepesi, yapoe, ndipo yachanganywe na kostiki, dawa inayoyageuza kuwa sabuni. Kostiki yenyewe Mwalimu alikuwa ameiyeyusha kwenye ndoo ya plastiki akaiweka mbali, akatuonya sana kwamba inaunguza. Kila mtu macho yalikuwa kwenye ile ndoo. Tuliogopa upande ambao haukuwa na kitu.

Winfrida ndiye aliyekuwa na mwiko. Mafuta yakaanza kulia, kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, kisha yakaruka. Yalimpata mkono wa kulia, kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Mama, sijawahi kusikia mtu akilia vile. Mwalimu alimvuta, akammwagia maji mkono muda mrefu, wakampeleka zahanati kwa bodaboda. Amerudi na bendeji. Muuguzi amesema mkono utapona ila alama itabaki, na kwa wiki kadhaa hataweza kuandika.

Sufuria ilipopoa Mwalimu aliiinamisha tukaona wote. Chini kulikuwa na maji, na hayakuwa matone. Akauliza mafuta ni ya nani. Macho yote yalikwenda kwa lile dumu jepesi lenye takataka. Jioni Winfrida akaitwa ofisini na bendeji yake. Aliapa kwa jina la bibi yake, na hilo ndilo lililomharibia zaidi, maana bibi yake ndiye anayeliuzia jiko la shule mafuta. Mkuu wa shule akasema kuanzia wiki ijayo yule bibi asilete tena hata kikombe. Kuungua aungue yeye, na lawama apewe yeye. Usiku alilala ameuelekea ukuta, akinong'ona kwamba bibi yake hana kazi nyingine.

Jana asubuhi nilikwenda ofisini. Nilimwambia Mwalimu Filemoni kwamba mwenye kosa ni mimi. Nilisema nililipokea dumu kwenye boti Kibirizi, nikiwa njiani kifuniko kikafunguka, mafuta yakamwagika, nikaogopa kusemwa nikajazia maji ya ziwa. Nilisema haraka haraka nikiangalia viatu vyake. Aliniamini. Afadhali angenichapa. Alisema amesikitika kwa ajili yako, kwamba mama anahangaika peke yake kumtafutia mtoto mafuta safi, mtoto anayatia maji. Alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini anaona dhahiri kwamba wewe hukunilea hivyo.

Winfrida alinisubiri nje. Nilidhani atanipiga kwa ule mkono mzima. Alinikumbatia. Alisema watu wengi wangenyamaza, na kwamba sasa anajua ana rafiki. Tangu jana ananiachia nusu ya maandazi anayoletewa na bibi yake. Ninakula, Mama, kwa sababu sijui nitakataaje.

Sasa nakuandikia lile ambalo sikulisema ofisini.

Mimi sikulitia dumu lile maji. Lilifika kwangu na kamba yako ikiwa bado imefungwa kifunikoni, fundo lako lile la mara tatu. Wewe unajua na mimi ninajua. Nimekuwa nikikushikia tochi na kukorogea tangu nikiwa darasa la tatu, mwaka aliofariki Baba. Tunayapasha kidogo, tunayanywesha maji, tunayaacha yagande juu, asubuhi yanakwenda sokoni. Ulikuwa unasema mafuta nayo yana kiu, tukacheka. Na ulikuwa umenikataza kabisa kugusa madumu ya soko kwa mboga ya nyumbani. Siku moja niligusa, nikaweka kikaangoni, nikasikia yanavyolia, ukanirukia ukaniondoa jikoni kwa kunibeba.

Ule mlio ninaujua. Jumanne niliusikia kabla ya mtu yeyote. Yalipolia mara ya kwanza tu, nilijua ni ya soko, nilijua yataruka. Nilikuwa na muda, Mama. Ningeweza kumwambia Winfrida weka mwiko chini, rudi nyuma. Maneno hayo yalifika mdomoni. Nikawaza wataniuliza nimejuaje. Nikarudi nyuma mimi, hatua mbili, nikanyamaza. Mafuta hayakunigusa hata tone.

Kwa hiyo usidhani nimekuokoa kwa wema. Nimeona aibu tu. Nikimtazama Winfrida akijaribu kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto namsaidia, naye anasema asante, na mimi natamani ardhi ipasuke. Nimekaa na hasira na wewe siku mbili. Niliwaza labda ulikosea dumu, kwamba la kwangu ulilitenga pembeni ukachukua lisilo langu. Naomba iwe hivyo. Ukija usinieleze kama sivyo.

Sasa sikiliza hili la Jumatatu. Bibi yake Winfrida naye ameitwa, ili aombwe radhi mbele yako. Mwalimu amesema dumu utakaloleta halitapokelewa hivihivi. Litachemshwa palepale, watu wakiangalia, ili kila mtu aone tofauti ya mafuta safi ya mzazi na mafuta yaliyochezewa na mtoto. Ametaja jina lako kwa heshima, akasema wewe ndiye utakuwa mfano.

Sina la kufanya zaidi ya kuandika. Kukuambia usije siwezi, nitafukuzwa amali na watauliza kwa nini. Kusema ukweli siwezi, watu wa sokoni wakiusikia mtakula nini wewe na Leonardi. Najua pia hali ya nyumbani. Najua mafuta safi ya lita tano ni mafuta ambayo hayatakwenda sokoni wiki hiyo. Labda utafungua hili dumu na lile, utaona hakuna hata moja lililobaki bila kunyweshwa, na Jumatatu itakuwa imefika. Sijui utafanyaje. Kwa hiyo nakuambia kitu kimoja tu, ukijue ukiwa unafunga kamba.

Atakayeshika mwiko siku hiyo ni mimi. Ndiyo adhabu yangu. Nikisikia yanalia sitarudi nyuma tena.

Nisalimie sana Leonardi, mwambie kitabu chake cha hesabu nilikiacha juu ya kabati. Nisalimie mama mkubwa Honorata na wote wanaoniulizia hapo Ilagala. Mzee Elikana anarudi huku Jumamosi, ukiwa na neno mpe. Mungu akulinde safarini.

Ni mimi mwanao,
Yunisi.