Sauti Imenikauka, na Ngamia Wanangoja Wimbo

Mshauri wetu, salamu kutoka Buna, naomba unifae, maana mimi Dagane niliyekuwa askari vitani leo siwezi hata kumwita mke wangu, wiki mbili sasa sauti imekwenda, nanong'ona tu, na mwisho wa mwezi ni zamu yetu kisimani, na huko makundi ya ngamia husimama vumbini yamechanganyika, kila kundi likisikia wimbo wa mwenyewe hujitenga polepole likaja kunywa, na ngamia wangu wamezoea wimbo wangu, nikinyamaza watapotelea kwa wengine na kiu yao. Kila nikilala mchana naota naimba, sauti inatoka laini, ngamia wanainua shingo, wanakuja, wanakuja, halafu naamka koo linawaka. Mke wangu Saynab ananifukiza ubani chini ya blanketi asubuhi na jioni, wapi! Nikuungamie ukweli: zamu iliyopita mdogo wangu Yarrow alitangulia kuimba, nikamfokea kutwa mbele ya watu kwamba ana sauti ya mbuzi, na jioni ile sauti yangu ikakatika. Sasa yeye ndiye ananiambia, "Walaal, kaka yangu, acha niimbe mimi, wimbo naujua." Nimekataa. Nifanyeje?

Dagane, Buna

Ndugu Dagane, pole, ingawa ya kujitakia. Hukurogwa. Koo limevimba kwa kufoka vumbini, na kila siku unaliongezea moshi. Mshukuru Saynab, kisha aondoe ubani, akuvukizie maji matupu. Na huo mnong'ono unaodhani ni mapumziko, unachosha koo kama kelele. Nyamaza, bwana! Siku saba, kimya kabisa. Kunywa maji mara kwa mara, acha tumbaku, usijikohoze ati unasafisha koo. Wiki tatu zikitimia tangu sauti ikatike, bila nafuu, panda lori uende kwa daktari Wajir. Ukitema damu au pumzi ikibana, nenda siku hiyohiyo.

Ndoto yako nimeisoma mara mbili, nami nikawaona wale ngamia wakija taratibu, nikasahau chai yangu mezani. Lakini hawaji kukusifu, ndugu yangu. Wanakuja kunywa.

Mshike Yarrow mkono, ajue umejuta, umwachie wimbo. Wewe shuka kisimani uvute ndoo. Na ngamia wakimwendea yeye, usikohoe kwa wivu. Nako kunaumiza koo.