Kahawa Uliyomkaangia Kamanda

Mama Mariamu, mke wangu,

Mwenyezi Mungu akupanulie mahali ulipolazwa. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyefundisha nusu ya mtaa huu kusoma na kuandika. Leo naandika kwa sababu ya kikombe nilichopewa jana.

Asha, binti wa ndugu yako Saidi, ameungana na vijana wanaotengeneza kahawa bora ya kuuzwa ng'ambo. Wamejenga meza za kuanikia karibu na mto, wakaniita niwaombee dua. Wana mizani ndogo na kipimajoto cha maji. Wakiionja kahawa wanaivuta mdomoni kwa kelele, kisha wanaitema kwenye kopo. Ungekasirika. Asha akaniambia mbele ya wageni: "Baba Mwalimu, uwaambie, shangazi alikuwa anatia nini mu kahawa yake?"

Nikajibu kwamba ulichuma zilizoiva tu. Wakaandika. Yaliyobaki sikustahili kuyasema kwa mtu yeyote kabla yako.

Wayakumbuka majira ya vita. Kamanda alikuja nyumbani kuuliza kama msikitini tumeficha watu. Nilimkaribisha kwa kahawa, kama tulivyomkaribisha kila aliyeingia, nikaisifu mno. Alipomaliza akacheka: "Mwalimu, na hii kahawa mutanifukuzisha mu jeshi." Tangu siku ile alikuja kila asubuhi, akaketi barazani, bunduki magotini. Ilinibidi ninywe kwanza, ili aone haina sumu.

Mwezi haukuisha, askari wake wakamchukua Saidi awabebee mizigo kwenye njia ya Pangi. Hakurudi. Nilidhani hutakaanga tena. Ulikaanga, na uliniambia neno moja tu: "Akimaliza kunywa, umuulize Saidi iko wapi. Muntu akifurahi, anasema."

Hapo ndipo kahawa yako ilipofikia uzuri ambao vijana hawa wanautafuta kwa mizani. Ulipita kila mti nyuma ya nyumba, ukachuma nyekundu na kuziacha mbichi. Ulizimwaga kwenye beseni la maji, na zilizoelea ukazitupa, wakati ambapo hatukuwa hata na chumvi. Ukazimenya, ukaziloweka, ukaziosha mpaka ute wote ukatoka. Mkeka wa jirani uliukataa kwa kuwa ulinuka samaki wa moshi. Ukafunga mwenyewe kichanja cha fito cha kuzianikia. Uliketi ukichambua punje moja moja, na kila iliyotobolewa na mdudu ukaiweka kando. Ulikaanga kwa moto mdogo, bila kuinua macho, bila kumwitikia mtu.

Kisha mimi nikaibeba kwenda barazani, wewe ukabaki uani.

Niliporudi na vikombe vitupu ulinitazama tu. Nikakuambia: "Nimemuuliza. Hajui."

Mama Mariamu, sikumuuliza. Sikumuuliza siku ile, wala siku yoyote. Niliogopa kwamba nikilitaja jina la Saidi, kesho yake nitabebeshwa mizigo mimi. Tulizungumza habari za mvua, na za goti lake lililomuuma. Goti lile nililiombea dua. Saidi sikumtaja.

Asubuhi moja uliniambia kwamba labda kahawa imekuwa chungu kidogo, ndiyo maana kamanda hasemi. Siku iliyofuata ukapunguza moto. Kisha ukasema labda hazikukauka vizuri, ukaziongezea siku za jua. Nilikuona ukiitafuta kasoro ndani ya chungu chako, nami nilijua ilipo, na nikakuacha uitafute.

Kamanda akaondoka na watu wake bila kuaga. Wewe hukunywa kahawa tena mpaka ulipofariki. Katika mazishi yako nilisoma kwa sauti isiyotetemeka, na watu wakanisifu kwa subira yangu.

Kahawa ya Asha ni nzuri. Haina harufu ya moshi, na utamu wake unakuja baadaye, taratibu, kama wa kahawa yako. Sikuitema. Niliinywa yote.

Nimewafundisha watu kwa miaka mingi maana ya amana, na yako niliivunja kila asubuhi, huku nikiwa na udhu. Sina tafsiri ya kitendo hicho itakayokipunguzia uzito.

Basi naahidi. Kesho, baada ya sala ya alfajiri, nitamweleza Asha yote. Huenda asiniite Baba tena. Ni haki yake. Akikubali tutakwenda pamoja kwenye njia ya Pangi, na akikataa nitakwenda peke yangu kwa pikipiki, na mgongo huu mbovu. Nitasimama katika kila kijiji, nimtafute mzee aliyewaona wabeba mizigo wakipita. Walioona labda wamekwisha kufa. Hata hivyo nitauliza, mpaka mlango wa mwisho.

Radhi yako siiombi leo. Nitaiomba nitakaporudi.

Kwa heri, mke wangu. Lala salama kwa Mola wako.

Mumeo