Ndege Wako Anafungua Mdomo Tu

Mutiso, rafiki yangu,

Ndege wako hataimba tena. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka, na kwa sababu kila mtu hapa Matiliku ananiambia nisikate tamaa. Nimeshaikata.

Tulipokuzika, wazee wa ukoo wenu walifunga karakana yako kwa kufuli. Vitu vya marehemu, walisema, haviguswi mpaka ukoo ukae chini na kugawana. Niliwaambia yule ndege wa mashine ana ngozi ndani, na ngozi hiyo inataka kuangaliwa. Ami yako Kimeu akanijibu, "Mama, hayo andika kwa gazeti. Hii ni mambo ya ukoo." Nikafoka. Unanijua. Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyozidi kuushika ule ufunguo.

Panya hawakuwa na habari ya heshima ya ukoo. Mlango ulipofunguliwa, sanduku la shaba lilikuwa mahali pake na ndege juu yake, manyoya yake ya kijani yaking'aa kama jana. Lakini ule mvukuto mdogo ndani, usiozidi kidole gumba, ule unaovuta hewa na kuisukuma kwenye filimbi, ulikuwa umeliwa wote. Wewe uliutengeneza kwa utando wa utumbo wa mbuzi. Panya wakaona utumbo wa mbuzi.

Nakumbuka ulivyompata. Mama mmoja mzungu wa misheni alikuwa akifunga virago, akakuachia ndege bubu mwenye umri mkubwa kuliko babu zetu. Simu zilikuwa zimeshaiua kazi yako ya kutengeneza saa, kwa hiyo ulikuwa na nafasi. Msimu mzima wa mvua ulimfungua na kumfunga. Siku alipoimba, watu walimpindua kutafuta betri. "Hapa hakuna betri, hakuna kurekodi," uliwaambia. "Hapa kuna pumzi." Ukanionyesha filimbi moja tu, na kijiti kinachoteleza ndani yake kupandisha na kushusha sauti, na magurudumu yenye kingo za mawimbi yanayokiamuru kijiti hicho. Mtu fulani, ulisema, alizikata kingo hizo kwa tupa, kwa mkono, wimbo mzima ukiwa kichwani mwake.

Na ile sheria yako! Tukishikana mashati kwa maneno juu ya uchaguzi au lile bwawa lisilo na maji, ulikuwa unajaza ufunguo na kusema, "Nyamazeni, mheshimiwa anahutubia." Hakuna kufungua mdomo mpaka springi iishe. Hata mchungaji, aliyekuja kukemea kitu kinachoimba bila uhai, alinyamaza na kofia mkononi. Ndege akimaliza, nilikuwa nimesahau hoja yangu ilikuwa wapi. Ulifanya makusudi, wewe.

Mama Kioko, mkeo, aliniomba jambo moja: ndege aimbe mara moja tu, siku ya kuweka msalaba kaburini. Nikaenda mjini Salama kwa Ali mchinjaji, aliyekuwa akikuwekea matumbo. Alinisaidia kuosha, kuloweka, kuparua kwa mgongo wa kisu. "Polepole, mwandishi," alisema. "Utumbo hautaki hasira. Mutiso alikuwa anauongelesha." Wa kwanza ukapasuka. Mwingine ukakauka kama karatasi ya nailoni. Mmoja ulishika, nikaugundisha, nikaupeleka kwa mkeo nikiwa nimejaa kiburi, nikautia ndani ya ndege. Nikajaza ufunguo. Ilitoka sauti ya mtu mwenye pumu akipanda mlima. Mama Kioko alijifunika mdomo kwa leso. "Wacha tu," akasema. "Amechoka." Mvukuto ukapasuka hapo hapo, mbele yake.

Msalaba tuliuweka kimya.

Nimekukasirikia, Mutiso. Nilikuwa nataka kuandika kwamba ulikufa na ufundi wako kwa uchoyo, lakini huo ni uongo. Ulimwambia kila aliyepita, "Njoo nikuonyeshe." Wakubwa walikuja, wakapiga picha na ndege, wakahutubia juu ya utamaduni na vipaji, wakaondoka na vumbi lao. Niliwachapa gazetini. Hakuna aliyejibu. Na mimi niliyekaa kwenye kiti chako miaka yote hiyo nilikuja kubishana, sikuja kushika kisu. Basi nani alibaki wa kuulizwa?

Ukoo umenipa ndege. Usidhani wamelainika. Hakuna aliyemtaka akiwa bubu. Yuko mezani kwangu. Nikimjaza ufunguo anageuza kichwa, anapiga mabawa, anafungua mdomo kwa wakati wake sawasawa, na kinachosikika ni magurudumu tu. Kingo zile bado zinaujua wimbo wote.

Sitakuahidi kwamba atapona. Nakuahidi hiki: watu wakija kwangu tukashikana kwa maneno, nitamjaza ufunguo, na sheria yako itakuwa ile ile. Hata kama hoja yangu ndiyo inayoshinda. Hata kama hakuna cha kusikiliza. Hivi ninavyomaliza barua hii nimeshamjaza, ameanza kugeuza kichwa.

Lala, ndugu yangu. Nanyamaza.

Mwende